Chapa ya Pua

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki katikati ya karakana, mkono mmoja juu ya mfuniko wa mzinga namba arobaini na nne, mwingine kiunoni, akisema, "Leo nitaufungua huu mbele yenu wote." Naye Meneja tulimwacha amejibanza nyuma ya rundo la milango mikuukuu, akijifanya anaipanga.

Barua zenu nimezisoma. Msomaji mmoja ana hakika kwamba ndani mna nyoka. Mwingine anaapa mna vito vya wizi. Wa tatu, ambaye namshauri apunguze kula kabla ya kulala, anasema mna kichwa cha mtu. Poleni nyote. Mwenyekiti aliufungua, na ndani mlikuwa mtupu.

Utupu wenyewe ndio uliokuwa balaa.

"Jana asubuhi nilihamishia humu kundi langu bora," alisema Mwenyekiti. "Kundi lenye malkia mchapakazi kuliko baadhi ya watu waliomo humu ndani." Akalitupia macho lile rundo la milango. "Kabla jua halijazama wameondoka wote. Walioshindwa kuondoka ni hawa."

Akauinamisha mzinga. Nyuki waliokufa wakamwagika juu ya meza, kiasi cha kujaza kiganja, miguu juu.

Fundi aliwatazama. Kwa wale mlioanza kusoma leo kwa sababu gazeti mmelikuta limefungia vitumbua: Fundi huyu hutengeneza mizinga kwa mbao zilizokwisha kutumika. Milango ya nyumba zilizobomolewa, meza za ofisi zilizochoka kuegemewa, mbao za paa, hata kabati la shule moja. Msumeno, randa, misumari, na kitu kilichokuwa kimefungiwa wageni kinafunguliwa nyuki. Hiyo ndiyo biashara yake, na hadi jana ilikuwa ikienda vizuri.

Ilikwenda vizuri kwa sababu ya pua. Mbao kuukuu ina historia. Huenda imewahi kupakwa rangi, kumwagiwa dizeli au kulala miaka kumi karibu na mbolea, na nyuki hasamehi harufu. Kwa hiyo Fundi hupiga randa kila ubao, hufumba macho na kuunusa kuanzia ncha hadi ncha. Ukiwa safi, unapita. Mzinga ukikamilika, huupiga chapa ya moto kwa chuma alichopewa na mwalimu wake, Mzee Randa. Chapa yenyewe ni mstari mmoja uliosimama na nukta mbili chini yake, yaani pua. Maana yake ni kwamba kila ubao wa mzinga huu umenuswa. Watu walikuwa wakinunua wakiona chapa tu, hawaulizi zaidi.

"Kikao cha chama ni leo saa saba mchana," Mwenyekiti aliendelea. "Wanachama wote watakuwepo, na yule muuza mizinga ya plastiki amekaribishwa aje na sampuli zake. Mimi ndiye niliyewaambia wote wangoje mizinga yako. Sasa niambie, nikasimame niseme nini? Nyuki wangu wana wazimu, au chapa yako imedanganya?"

Hapo Meneja akajitokeza. Nilijua tu angejitokeza. Huyu ni kaka wa mke wa Fundi, na cheo cha umeneja alijipa mwenyewe siku aliyopata koti lenye vifungo vyote.

"Mama," alianza kwa sauti ya upole ya mtu anayeuza kitu, "nyuki wa siku hizi hawana uvumilivu. Uliwapa muda wa kuzoea mazingira?"

"Wamefia kwenye mazingira."

"Na je, uliwakaribisha vizuri? Maana mgeni asipokaribishwa..."

"Meneja," alisema Mwenyekiti, "mimi nafuga nyuki tangu wewe ukifugwa na mama yako. Kaa chini."

Meneja akakaa. Alikaa juu ya ubao wenye gundi mbichi, lakini hilo atalijua mwenyewe baadaye.

Fundi sasa akauchukua mzinga. Akaugeuza, akauingiza uso ndani mpaka masikioni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Cherehani ya mkewe, ambaye hukaa dirishani akishona kofia za nyavu za kuvaa wakati wa kurina asali, ilisimama.

"Mvule," alitamka Fundi, akitoa kichwa taratibu. "Mlango wa mbele wa nyumba ya zamani. Ubao mkavu, umetulia. Safi kabisa."

Mwenyekiti akauvuta mzinga kwake, akanusa mara moja tu. Akakohoa. Machozi yakamtoka. Akarudi nyuma hatua mbili na kujipepea kwa kofia.

"Safi?" aliuliza. "Hii unaiita safi? Husikii?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nasikia... mbao."

Wapenzi wasomaji, siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba hii ilikuwa imekaa dirishani na uzi mdomoni.

Mke wa Fundi alikuwa anajua. Alijua tangu ile asubuhi mwanzoni mwa mvua ambapo maziwa yaliungua jikoni mpaka sufuria ikawa nyeusi, mumewe akiwa amekaa kando yake anasoma gazeti, tena gazeti hili hili, na alipoulizwa akasema, "Mbona leo hujapika?" Alimwambia akapimwe. Fundi akajibu kwamba ni mafua tu, yatapita. Wiki ya pili alimwambia tena. Fundi akasema fundi mzoefu hanusi kwa pua, hunusa kwa uzoefu. Wiki ya tatu mke akaacha kumwambia, akawa anamtazama kila jioni akikita ile chapa ya moto kwenye mbao, na roho ikimuuma.

Sasa mumewe alikuwa anamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yanamwomba.

Ni rahisi sana kwenu, mliokaa huko na chai, kusema mke mwema angenyamaza. Au kusema mke mwema angesema. Mimi najua kwamba yule mama aliinuka, na kwamba alimpenda mumewe wakati ule kuliko siku ya harusi, jambo ambalo halikumsaidia mumewe hata kidogo.

Akachukua vitambaa viwili. Akaenda nyuma ya kabati, akarudi navyo.

"Baba watoto, fumba macho."

"Ya nini tena?"

"Fumba tu. Kitambaa kimoja nimekipaka nta ya nyuki. Kingine kina kitu kingine. Mwambie Mwenyekiti kipi cha nta, tumalize maneno."

Fundi akafumba. Mkewe akamsogezea kitambaa cha kwanza puani, kisha cha pili. Fundi akaomba cha kwanza tena. Akatikisa kichwa kwa busara. Akaomba cha pili. Akatabasamu kidogo.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho cha nta. Tena ni nta ya msimu uliopita, imekauka kidogo, lakini ni nzuri."

Tone moja likadondoka kutoka kwenye kitambaa, likalowesha kifua cha shati lake. Mwenyekiti alinyoosha mkono, akalichukua bomba lake la kufukizia nyuki moshi lililokuwa mezani na kulisogeza mbali, ingawa halikuwa limewashwa. Kitambaa kile kilikuwa kimechovywa kwenye mafuta ya taa.

"Hata mimi ningechanganya," Meneja alisema.

Fundi alifumbua macho, akaona kitambaa, akaona uso wa mkewe. Akavuta kigoda akakaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameumbuliwa angali hai, mbele ya mteja, na mafuta ya taa kifuani.

"Wiki sita," alisema.

"Wiki sita nini?" Mwenyekiti aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Sisikii harufu yoyote. Tangu yale mafua. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi naamka nanusa sabuni kwanza."

"Na chapa uliendelea kupiga."

"Niliendelea."

"Chapa ya pua. Bila pua."

Fundi aliona aibu, na mimi nilimwonea huruma, japo nilikuwa nimeapa nisimwonee. Mtu anaweza kukubali kwamba mguu wake umevunjika. Kukubali kwamba kile kinachofanya watu wakuite fundi kimezimika, na hakina hata bandeji ya kuwaonyesha watu, ni kazi nyingine.

Lakini ngoja. Fundi mwenyewe ndiye aliyeinua kichwa ghafla.

"Mlango huu niliununua kabla ya mvua," alisema. "Niliunusa siku ileile, na pua yangu ilikuwa nzima. Haukuwa na kitu. Hii harufu unayoisikia wewe, Mwenyekiti, ni ya nini?"

"Dawa ya mchwa. Kali, ya kupaka."

"Basi haikuja na ubao. Imepakwa hapa."

Karakana hii ina watu watatu tu. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwingine ameshika vitambaa. Wa tatu alikuwa anajaribu kuinuka, akagundua habari ya ile gundi.

"Kaka," mke wa Fundi aliita.

"Naam, dada."

"Ni wewe?"

Ningependa kuwaambia kwamba Meneja alilia, akaomba radhi, akaanguka magotini. Meneja alitabasamu. Alikuwa amengoja wiki sita mtu amuulize.

"Hiyo ni huduma ya ziada," alisema kwa fahari. "Wateja wote walikuwa wananiuliza swali moja: mbao kuukuu si zitaliwa na mchwa? Nikaona hapa biashara inapotea. Nikanunua dawa bora kabisa. Kila mzinga ukishapigwa chapa, naupeleka nyuma ya karakana, naupaka. Nje na ndani. Mara mbili! Haina rangi, haionekani, na sikumdai mtu kitu. Hata nimeandika kwenye bango la getini. Hamjasoma?"

Kumbe hakuna aliyesoma. Watu hawasomi bango la ndugu yao. Mwenyekiti alitoka mpaka getini, akasimama mbele ya bango, na wote waliobaki ndani walimsikia akilisoma kwa sauti, neno baada ya neno:

"Mizinga yetu... imethibitishwa... haiingiwi... na mdudu... wa aina... yoyote."

Akarudi polepole.

"Meneja, mwanangu. Nyuki ni nani? Ng'ombe?"

Mtu angeweza kuona lile wazo likimwingia Meneja, likitafuta mahali pa kukaa, likipata shida.

"Mimi nilidhani nyuki... wako upande wetu," alisema.

Fundi aliruka kutoka kwenye kigoda. Nadhani angemkaba, na nadhani sisi sote tungemwacha.

"Sasa nimekufanya nini, shemeji?" Meneja alipiga kelele, akirudi nyuma na ubao wake wa gundi makalioni. "Mwaka jana nilipaka mzinga mmoja, mmoja tu! Wewe ukiwa kule mlangoni ulisikia harufu, ukanirushia kopo! Nikaacha. Mvua zilipoanza nikajaribu tena mmoja. Ukapita hapohapo, ukasimama, ukautazama, ukasema 'kazi nzuri.' Kazi nzuri, shemeji! Kwa mdomo wako! Nikajua umekubali."

Fundi alisimama palepale, mikono bado hewani.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa ameona mzinga unang'aa kidogo, na mtu amesimama kando yake na brashi, akajua kuna jambo ambalo angetakiwa kulinusa. Kuuliza "umepaka nini?" kungekuwa kukiri. Kwa hiyo alisema "kazi nzuri," akaenda zake.

Akashusha mikono. Hakuwa na haki ya kumkaba mtu.

"Ni mizinga mingapi?" Mwenyekiti aliuliza.

Mke wa Fundi alikwisha kufungua daftari la kazi. Kila mzinga una namba iliyochomwa chini ya chapa, kwa hiyo hesabu haikumchukua muda. Kuanzia namba thelathini na moja mpaka arobaini na nane. Kumi na sita bado iko uani inangoja kuchukuliwa. Mmoja ndio huu wa Mwenyekiti.

"Hapo ni kumi na saba," alisema mke. "Namba arobaini na tatu uko wapi?"

Wote wakamgeukia Meneja, maana sasa wamezoea.

"Huo niliutoa zawadi," Meneja alisema kwa sauti ndogo. "Kwa Mzee Randa. Nilisema ni salamu kutoka kwa mwanafunzi wake. Nilidhani atafurahi."

Fundi alishika ukingo wa meza.

Mzee Randa ndiye aliyemchukua akiwa kijana asiyejua kushika msumeno. Alimfundisha kwa kumfunga kitambaa machoni na kumpa mbao anuse, moja baada ya nyingine, mwaka mzima, mpaka akaweza kusema huu ulikuwa kitanda, huu ulikuwa mlango wa duka la viungo. Siku alipoacha kazi aliondoa chuma cha chapa kwenye ukuta wake, akampa, na kumwambia sentensi moja tu: "Siku utakayoipiga bila kunusa, nirudishie."

"Sikiliza," Mwenyekiti alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike sauti yake ilishuka. "Mimi ndiye niliyekusifia kwa watu. Aibu yako inanifikia. Naweza kwenda pale saa saba nikasema kundi langu lilikuwa na ugonjwa. Mizinga ya uani mnaichoma moto leo, wewe unapumzika mpaka pua ipone. Hakuna atakayejua. Nakuuliza mara moja tu. Nisemeje?"

Jamani. Mwanamke mwenye msimamo kuliko wote katika hadithi hii, na yeye pia. Sikutegemea.

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu. Hakutaka kumsaidia mara mbili kwa siku moja.

Kabla hajajibu, honi ya mkokoteni ikalia getini. Mwenye mkokoteni aliingia na mzinga begani, akautua mezani, akafuta jasho.

"Mzee Randa amesema nimkabidhi fundi mwenyewe, mkononi."

Ulikuwa namba arobaini na tatu. Ndani hapakuwa na nyuki waliokufa. Mzee hakuwa ameingiza hata mmoja. Yeye pua yake bado inafanya kazi, na ana miaka themanini na mbili. Lakini upande wa mbele, juu ya namba, mahali palipokuwa na chapa, hapakuwa na chapa. Ubao ulikuwa mweupe, laini, umepigwa randa kwa uangalifu mpaka ile pua ikatoka yote. Chini yake, kwa penseli ya useremala, palikuwa na maneno mawili:

*Lete chuma.*

Fundi alipapasa pale palipopigwa randa kwa vidole vyake. Palikuwa laini sana. Hakuna mwingine anayeweza kulainisha ubao hivyo, na alijua ilimchukua mzee muda gani kwa mikono yake ile.

"Amesema kitu kingine?" aliuliza.

"Amesema hana haja uende kwake," alijibu mwenye mkokoteni. "Yeye atakuwa kwenye kikao cha wafuga nyuki saa saba. Nimemwacha anavaa viatu."

Mwenyekiti akafunga mkoba wake. Yale mashauri ya kundi lenye ugonjwa hakuyarudia tena.

"Usiseme chochote kwa niaba yangu," Fundi alimwambia. "Nakuja mwenyewe. Nitawaambia wote, na namba nitazisoma moja moja, na chuma nitamrudishia mbele yao." Akautazama tena ule ubao uliopigwa randa. "Alinipa mbele ya watu. Nimrudishie mbele ya watu."

Mkewe aliweka vitambaa chini, akaja, akamfuta mafuta ya taa kifuani kwa upindo wa kanga yake. Kwa mara ya kwanza katika wiki sita Fundi hakuhitaji kuficha uso.

Ilikuwa saa saba kasorobo. Fundi akavua aproni, akavaa shati safi, akanyoosha mkono juu ya dirisha kuchukua chuma cha chapa kwenye msumari wake, mahali kinapokaa kila siku.

Msumari ulikuwa mtupu.

Akatazama chini. Akatazama nyuma ya dirisha, mezani, kwenye ndoo ya makaa. Mkewe akapekua kabati. Mwenyekiti akasimama na mkoba wake mlangoni.

Nyuma yao, kitu kilikwaruza sakafu. Alikuwa Meneja, anasogea kuelekea mlango wa uani hatua kwa hatua, na ubao wake umemganda nyuma.

"Shemeji, kabla hujakasirika," alisema, "yule muuza mizinga ya plastiki ni mtu mzuri sana ukimzoea."